Ateri za Figo na Tofauti za Maumbile Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaofika kwenye ukurasa huu wametumwa na karatasi. Walipigwa picha ya CT kwa sababu ya mawe, maumivu ya tumbo au maandalizi ya kumtolea ndugu figo, na ndani ya ripoti wakakuta mstari usemao kwamba figo yao ina ateri mbili au tatu badala ya moja. Maswali yaliyokusanywa hapa ndiyo yale yanayorudiwa zaidi na wagonjwa, ndugu zao na wanafunzi wa tiba. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kumpeleka msomaji kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Misingi

1. Ateri ya figo ni nini, na hupita wapi?

Ateri ya figo ni mshipa unaopeleka damu yenye oksijeni kutoka aota, mshipa mkuu wa mwili, hadi kwenye figo. Kwa watu wengi huchomoza ubavuni mwa aota usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini kidogo ya mahali inapotoka ateri ya mesenteri ya juu inayolisha utumbo. Ina urefu wa takriban sentimita 4 hadi 6 na upana wa milimita 5 hadi 6, yaani si nene kuliko penseli ya kawaida.

Ateri ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto, kwa kuwa aota hukaa kushoto kidogo mwa mstari wa katikati ya mwili, na ili kuifikia figo ateri hiyo hulazimika kupita nyuma ya vena kava ya chini, mshipa mpana unaorudisha damu moyoni. Njia hii ya nyuma ina umuhimu wake, nasi tutairudia katika swali la 19.

Wingi wa damu inayopita humo huwashangaza wengi. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na karibu sehemu moja ya tano ya damu hiyo huenda kwenye figo, ambazo zote mbili kwa pamoja hazifiki nusu kilo. Figo hupewa damu nyingi hivyo kwa sababu kazi yake ni kuichuja, mbali na kiasi inachohitaji kwa uhai wake yenyewe.

2. Damu ikishaingia ndani ya figo hugawanyika vipi?

Karibu na lango la figo, yaani kile kibonyeo cha upande wa ndani ambapo mishipa huingia na mkojo hutoka, ateri hugawanyika kuwa tawi la mbele na tawi la nyuma. Kutokana na matawi hayo hutoka ateri tano za vipande: ya ncha ya juu, ya mbele juu, ya mbele chini, ya chini na ya nyuma. Kila moja hulisha kipande chake, kisha huendelea kugawanyika hadi kuwa vishipa vidogo mno vinavyoingia kwenye vichujio vya figo.

Mwenye figo ya mbuzi jikoni anaweza kuona sehemu ya mpangilio huu kwa macho yake. Ukiipasua kwa urefu, utaona ukanda wa nje wenye rangi nzito na sehemu ya ndani iliyopauka zaidi. Angalia kwa makini pale kanda hizo mbili zinapokutana: kuna vitundu vidogo, kana kwamba mtu amechoma kwa sindano. Hiyo ni mishipa ya damu iliyokatwa, ambayo hupinda kama upinde kati ya kanda hizo na kutoa vishipa vya kulisha ukanda wa nje.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ateri za vipande ni ateri za mwisho. Katika utumbo au mkono, mshipa mmoja ukiziba mara nyingi damu hupata njia ya pembeni kupitia mshipa jirani. Ndani ya figo hakuna njia hiyo ya pembeni. Ateri ya kipande ikikatwa, kipande chake hufa. Karibu kila tahadhari inayoelezwa katika ukurasa huu inatokana na ukweli huo mmoja.

3. Ripoti yangu inasema nina ateri ya ziada. Je, huo ni ugonjwa?

Hapana, huo si ugonjwa. Ni maumbile uliyozaliwa nayo, na figo yenye ateri mbili huchuja damu sawasawa na yenye ateri moja. Watu wengi huishi hadi uzee wakafa kwa mambo mengine kabisa bila kujua kwamba figo zao zilikuwa hivyo.

Neno «ziada» limewatia hofu watu wasio na sababu ya kuogopa, na kwa maoni yangu lilichaguliwa vibaya. Linafanya ateri hiyo ionekane kama kitu kilichobaki na kisicho na kazi, kumbe ina kipande chake cha figo ambacho hakuna ateri nyingine inayokilisha. Afadhali tungesema kwamba figo hiyo ina ateri kadhaa. Lakini neno limeshazoeleka katika ripoti, kwa hiyo tutalitumia hapa tukijua mipaka yake.

4. Ni watu wangapi wana tofauti hizi?

Ni wengi. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana zaidi ya ateri moja angalau kwa figo mojawapo, na wapo walio nazo pande zote mbili. Idadi hubadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine kulingana na jamii iliyochunguzwa na njia iliyotumika: anayepasua maiti huona vishipa vyembamba ambavyo picha huviacha, na watafiti hawakubaliani wote juu ya kipi kihesabiwe kuwa ateri ya ziada. Wanaanatomia wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni miongoni mwa waliochunguza na kuchapisha habari za ateri za figo za watu wa Afrika Mashariki, na kazi za namna hiyo zina thamani kubwa kwetu, kwa sababu vitabu vingi vya kufundishia vilijengwa juu ya miili ya watu wa Ulaya na Marekani.

## Aina za tofauti

5. Tofauti hizi ni za aina gani?

Zipo nyingi, lakini zinazotajwa zaidi katika ripoti ni tatu. Ya kwanza ni ateri ya ziada inayoingia kwenye lango la figo, ambayo hutoka kwenye aota peke yake, ikasafiri sambamba na ateri kuu na kuingia mlango uleule. Ya pili ni ateri ya ncha, ambayo hailipiti lango bali hutoboa figo moja kwa moja kwenye ncha ya juu au ya chini. Ya tatu ni mgawanyiko wa mapema, ambapo ateri ni moja inapotoka kwenye aota lakini hugawanyika kabla ya kufika langoni (tazama swali la 6).

Kwa mwenye figo, tofauti hizi hazibadili chochote katika maisha ya kila siku. Kwa daktari wa upasuaji zinabadili mengi. Ateri inayoingia langoni ataikuta pale anapoitarajia. Ateri ya ncha humjia pembeni, mara nyingi imezama ndani ya mafuta yanayoizunguka figo, nyembamba kama uzi wa katani, na anayefungua njia kwa haraka anaweza kuikata akidhani ni utando tu.

6. «Mgawanyiko wa mapema» maana yake nini?

Maana yake ni kwamba ateri imetoa tawi lake la kwanza karibu sana na aota. Wataalamu wengi huweka kipimo cha sentimita 2 au moja na nusu kutoka kwenye aota. Ateri bado ni moja, ila kishina chake ni kifupi. Mpasuaji anayetaka kuibana au kuikata kabla haijagawanyika hukuta nafasi ndogo, na asipokuwa mwangalifu hujikuta na matundu mawili mkononi badala ya moja. Upande wa kulia jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa mgawanyiko unaweza kutokea nyuma ya vena kava, mahali pasipoonekana.

## Chanzo chake

7. Kwa nini watu wengine huzaliwa na ateri mbili au tatu?

Jibu limo katika safari ambayo figo huifanya kabla mtoto hajazaliwa. Figo hazianzii pale tunapozikuta. Huanza kuumbika chini, ndani ya nyonga ya kiinitete, na kati ya wiki ya 6 na ya 9 ya mimba hupanda hatua kwa hatua hadi karibu na mbavu za chini.

Wakati wote huo zinahitaji damu, nazo haziwezi kuburuta mshipa mmoja njia nzima. Kwa hiyo katika kila kituo hupata damu kutoka kwenye mshipa ulio jirani: mwanzoni kutoka ateri za iliaki zilizo nyongani, kisha kutoka sehemu ya chini ya aota, kisha juu zaidi. Mshipa mpya ukishika kazi, wa zamani hunyauka na kupotea. Mwanaanatomia Felix aliueleza mpangilio huu mwaka 1912 kwa mfano wa ngazi, ambayo vipawa vyake ni jozi za ateri ndogo zinazotoka kwenye aota, na figo hubaki na kipawa kimoja tu. Baadhi ya wachunguzi wa sasa wanaona mfano huo umerahisisha mambo, lakini wazo lake kuu bado ndilo linalofundishwa: kipawa ambacho hakikunyauka hubaki kuwa ateri ya ziada.

Hii ndiyo sababu ateri nyingi za ncha ya chini hutoka kwenye aota chini ya ateri kuu, na ndiyo sababu figo ambayo haikumaliza safari yake huwa na mishipa isiyo ya kawaida kabisa (tazama maswali ya 17 na 18).

8. Je, hali hii hurithiwa? Nimpeleke mwanangu akapimwe?

Hakuna haja ya kumpima mtoto asiye na tatizo. Mara nyingi hali hii huwa upande mmoja tu wa mtu yuleyule, ambaye figo zake zote mbili zilijengwa kwa jeni zilezile. Hilo peke yake linaonyesha kwamba matukio madogo ya ukuaji yana nafasi yake, mbali na urithi.

## Vipimo

9. Ultrasaundi ilionyesha ateri moja, CT imeonyesha mbili. Nani amekosea?

Pengine hakuna aliyekosea. Ultrasaundi ya Dopla hutazama mtiririko wa damu kupitia ukuta wa tumbo, na gesi ya utumbo, unene wa mwili na pumzi ya mgonjwa vyote huiwekea pazia. Ateri ya upana wa milimita 2, iliyojificha nyuma ya utumbo wenye hewa, inaweza kuikwepa kwa urahisi hata mikononi mwa fundi hodari. Ultrasaundi ina sifa zake nyingi: ni nafuu, haina mionzi, inapatikana hata katika hospitali za wilaya. Lakini haitoshi kusema kwa uhakika kwamba figo ina ateri moja tu.

CT ya mishipa hufanywa kwa kudunga dawa ya kontrasti katika vena ya mkono na kupiga picha katika sekunde zile ambazo dawa imejaa kwenye ateri na bado haijafika sana kwenye vena. Kisha daktari wa radiolojia hupitia vipande vyembamba kimoja baada ya kingine, akishuka kwenye aota na kuhesabu kila tawi linaloelekea kwenye figo. Hicho ndicho kipimo kinachotegemewa kabla ya upandikizaji. MRI ya mishipa nayo hufaa, hasa kwa asiyeweza kupewa kontrasti ya CT, ingawa vishipa vyembamba sana inaweza kuviacha.

Ikiwa ulipigwa CT ya kawaida isiyo na kontrasti, kwa mfano ya kutafuta mawe, ripoti yake haiwezi kutumika kuhesabu ateri zako.

10. Dawa ya kontrasti itaziumiza figo zangu?

Kwa mtu mwenye figo zinazofanya kazi vizuri hatari ni ndogo. Mweleze anayekupima ukiwa una ugonjwa wa figo, kisukari, mzio wa kontrasti uliowahi kukupata, au unatumia metformini (dawa ya kisukari), kwa sababu huenda dawa hiyo ikasimamishwa kwa muda. Kipimo cha kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla ya picha ni jambo la kawaida, nawe una haki ya kuuliza kimetoa jibu gani.

## Afya ya mwenye ateri kadhaa

11. Nina shinikizo la juu la damu. Je, ateri ya ziada ndiyo chanzo?

Swali hili lina historia ndefu, na jibu la haki ni kwamba ateri ya ziada peke yake haijathibitika kuwa chanzo.

Kwamba figo inaweza kupandisha shinikizo si jambo la kubishaniwa. Mwaka 1898 kule Stockholm, Tigerstedt na Bergman walitengeneza dondoo ya figo za sungura, wakaidunga kwenye sungura wengine na kuona shinikizo likipanda. Kiini chake wakakiita renini. Mwaka 1934 Harry Goldblatt aliminya ateri za figo za mbwa kwa vibanio, na shinikizo la wanyama hao likapanda na kubaki juu. Figo inayopata damu pungufu hudhani mwili mzima umepungukiwa, ikatoa renini, na renini ikaanzisha mfululizo wa kemikali unaokaza mishipa na kuhifadhi chumvi.

Kutokana na hayo wengine walifikiri kwamba ateri ya ziada, kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, hufikisha damu yenye msukumo mdogo kwenye kipande chake, na kipande hicho hulalamika kwa kutoa renini. Nadharia hiyo inaeleweka, na zipo tafiti zilizoiunga mkono, lakini nyingine hazikuona tofauti kati ya wenye ateri moja na wenye ateri kadhaa. Kwa sababu hiyo hakuna daktari makini atakayekushauri ukatwe ateri hiyo ili presha ishuke. Ungepoteza kipande cha figo kizima bila faida ya hakika. Endelea na dawa zako kama ulivyoandikiwa.

Kinachotafutwa kwa bidii ni ateri iliyobanwa na ugonjwa, iwe ya kawaida au ya ziada (tazama swali la 13). Jambo jingine linahusu matibabu ya kuunguza neva zinazozunguka ateri za figo kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa. Tafiti za mwanzo za tiba hiyo ziliwaacha nje wenye ateri kadhaa, na mtu anayefikiriwa kupewa tiba hiyo lazima ateri zake zihesabiwe kwanza, kwani neva hufuata kila ateri.

12. Mtoto wangu hupata maumivu makali ubavuni, kisha yanapotea. Tumeambiwa ni mshipa unaovuka mrija wa mkojo. Inakuwaje?

Mkojo hukusanyika katikati ya figo kabla ya kushuka kwenye ureta, mrija unaoupeleka kibofuni. Kwa baadhi ya watu, ateri inayoelekea kwenye ncha ya chini ya figo hupita mbele ya mahali ambapo ureta huanzia. Wengi wao hawapati shida yoyote. Lakini kwa wengine mrija hulala juu ya mshipa huo kama kamba iliyotundikwa kwenye mti, na mkojo ukiwa mwingi, figo hutanuka, kona inazidi kupinda, mkojo unashindwa kushuka.

Dalili yake ni ya kuja na kuondoka. Mtoto amekunywa maji au juisi nyingi, baada ya muda anajikunja kwa maumivu ya ubavu mmoja na kutapika. Saa chache baadaye anacheza kama kawaida. Mara kwa mara watoto hawa hutibiwa minyoo, vidonda vya tumbo au malaria kwa muda mrefu, kwa sababu ultrasaundi iliyopigwa siku ya afya haikuonyesha kitu. Ombi langu kwa mzazi ni hili: ikiwezekana, mpeleke apigwe ultrasaundi wakati maumivu yapo. Figo iliyojaa mkojo siku ya maumivu na kunywea siku ya kupona ni ushahidi mkubwa.

Matibabu ni upasuaji, ikiwa figo inadhurika au maumivu yanarudi. Njia iliyoelezwa na Anderson na Hynes mwaka 1949 bado ndiyo kipimo cha nyingine zote: sehemu iliyobanwa hukatwa, ureta huhamishiwa upande wa pili wa mshipa, kisha huungwa upya. Utaona kwamba anayehamishwa ni mrija, na mshipa huachwa. Sababu imeelezwa katika swali la 2: ateri hiyo ikifungwa, ncha ya chini ya figo hufa.

13. Kuna tofauti gani kati ya ateri nyembamba ya kuzaliwa na ateri iliyobanwa na ugonjwa?

Ateri ya ziada huwa nyembamba tangu mwanzo hadi mwisho, na ukuta wake ni laini. Ateri iliyobanwa huwa na upana wake, halafu mahali fulani hujikaza. Kwa wazee, wavutaji sigara na wenye kisukari, mkazo huwa karibu na aota na hutokana na mafuta yaliyoganda kwenye ukuta. Kwa wanawake ambao bado ni vijana au wa umri wa kati, upo ugonjwa wa ukuta wa ateri ambao katika picha huonekana kama shanga zilizotungwa kwenye uzi: kubana, kupanuka, kubana tena. Ateri ya ziada haijakingwa na magonjwa haya, kwa hiyo ripoti inapaswa kueleza hali ya kila ateri, si idadi yake tu.

## Upasuaji na upandikizaji

14. Nataka kumtolea ndugu yangu figo, lakini nina ateri mbili. Nitakataliwa?

Si lazima. Zamani figo ya ateri kadhaa iliepukwa sana. Siku hizi timu zenye uzoefu huzipandikiza na kupata matokeo mazuri. Kazi ndiyo huongezeka. Kwanza hutazamwa figo zote mbili. Kwa kawaida figo ya kushoto hupendelewa kwa sababu vena yake ni ndefu na ni rahisi kuiunganisha. Lakini kama ya kushoto ina ateri tatu na ya kulia ina moja, huenda timu ikachagua ya kulia. Na kanuni iliyo juu ya nyingine zote ni kwamba figo iliyo bora zaidi hubaki kwa mtoaji.

Kwa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, na katika eneo letu figo hutoka kwa watu walio hai, kwa kawaida ndugu. Figo ya marehemu huweza kuchukuliwa pamoja na kiraka cha aota chenye vinywa vya ateri zote, ambacho hushonwa kwa mpokeaji kwa mara moja. Kiraka hicho hubeba jina la Alexis Carrel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi ya kuunga mishipa. Mtoaji aliye hai hawezi kukatwa kipande cha aota. Kila ateri yake hukatwa peke yake, na mpasuaji lazima azipatanishe kwa mikono yake.

15. Ateri hizo huunganishwaje?

Figo ikishatolewa huoshwa kwa maji baridi maalumu na kulazwa kwenye bakuli lenye barafu. Hapo, kabla haijaingizwa kwa mpokeaji, mpasuaji huitengeneza mishipa. Ateri mbili zinazolingana zinaweza kushonwa ubavu kwa ubavu zikawa na mdomo mmoja, kama miguu miwili ya suruali inayokutana kiunoni. Ateri ndogo inaweza kushonwa ubavuni mwa ile kubwa. Zikiwa mbali mno, kila moja huungwa kwa mpokeaji mahali pake. Uzi unaotumika ni mwembamba kiasi kwamba kazi hufanywa kwa miwani ya kukuza.

Ateri ndogo ya ncha ya juu, chini ya milimita 2, wakati mwingine hufungwa. Kipande kidogo cha ncha hubadilika rangi na kuwa zambarau, na figo iliyobaki hufanya kazi. Ateri ya ncha ya chini haifanyiwi hivyo hata ikiwa nyembamba, kwa kuwa mara nyingi ndiyo inayotoa vishipa vya kulisha ureta. Ikipotea, ureta hunyauka siku chache baada ya upasuaji na mkojo ukavuja tumboni mwa mpokeaji, na hapo furaha ya familia nzima hugeuka kuwa safari ya pili ya chumba cha upasuaji.

16. Upasuaji gani mwingine unahitaji kujua idadi ya ateri?

Kuondoa uvimbe wa figo huku figo ikiachwa: mpasuaji hubana ateri ili damu isimfunike, na ateri moja asiyoijua ikibaki wazi, jeraha litaendelea kuvuja damu. Matibabu ya aota iliyovimba kwa bomba la kitambaa linalopitishwa kinenani: bomba linaweza kuziba mdomo wa ateri ya ziada, na sehemu ya figo ikafa, kwa hiyo timu hupima upana wa ateri hiyo na ukubwa wa eneo inalolisha kabla ya kuamua.

Kutoa mawe kwa kutoboa mgongo ni mfano wa tatu. Max Brödel, mchoraji wa tiba katika Johns Hopkins kule Baltimore, alionyesha mwaka 1901 kwamba kati ya eneo la matawi ya mbele na eneo la tawi la nyuma kuna ukanda wenye mishipa michache, uliosogea nyuma kidogo ya ukingo wa nje wa figo. Wapasuaji hadi leo hulenga ukanda huo, wakijua kwamba tofauti za ateri huweza kuuhamisha.

## Hali adimu

17. Figo zangu zimeungana kama kiatu cha farasi. Ateri zake zikoje?

Hali hii hupatikana kwa takriban mtu mmoja kati ya 400 hadi 500. Ncha za chini huungana mapema, na kiungo hicho kinapopanda hukwama chini ya ateri ya mesenteri ya chini, kwenye usawa wa pingili ya tatu ya kiuno. Kwa kuwa safari ilikatizwa, vipawa vya ngazi iliyoelezwa katika swali la 7 hubaki vingi: ateri zinaweza kutoka kwenye aota, kwenye ateri za iliaki, hata kwenye ile ya mesenteri ya chini, na kiungo chenyewe kikawa na yake. Yeyote anayetaka kukupasua tumbo, hata kwa jambo lisilohusu figo, aambiwe mapema.

18. Na figo iliyobaki nyongani?

Hulishwa na ateri za karibu, mara nyingi za iliaki au sehemu ya chini kabisa ya aota. Mwanamke mwenye figo hiyo amweleze daktari wa uzazi kabla ya upasuaji wowote wa nyonga.

19. Ripoti inasema ateri yangu ya kulia hupita mbele ya vena kava. Kuna hatari?

Kwako wewe hakuna. Mara nyingi ni ateri ya ziada inayokwenda kwenye ncha ya chini. Aliyezoea kuona vena kava ikiwa wazi mbele anaweza kuijeruhi ateri hiyo, na ndiyo maana radiolojia huitaja. Ikiwa pia inavuka ureta, soma swali la 12.

20. Vena za figo nazo hutofautiana?

Ndiyo. Inayotajwa zaidi ni vena ya kushoto kupita nyuma ya aota, au kugawanyika na kuizunguka aota kama pete. Nayo huandikwa katika ripoti kwa sababu zilezile za upasuaji.

21. Nina figo moja tu, na ina ateri tatu. Nifanye nini?

Figo moja yenye afya hutosha, na ateri zake tatu hazipunguzi uwezo wake. Kinachobadilika ni gharama ya kosa: kipande kinachopotea hakina figo ya pili ya kukifidia. Omba nakala ya picha zenyewe kwenye CD au simu, mbali na karatasi ya ripoti, kwa sababu mpasuaji atataka kuziona ateri hizo kwa macho yake. Andika maneno «figo moja, ateri tatu» kwenye kadi yako ya kliniki, mahali pale unapoandika mzio wa dawa, na umwambie mtu unayeishi naye karatasi na picha hizo zimewekwa wapi.